Mkono wa Mama Kirit

Mji mzima ulimwita Mama Kirit, ingawa wengi waliomwita hivyo hawakuwahi kumwona Kirit mwenyewe. Mimi pia sikumwona. Nilizaliwa mtoto huyo akiwa ameshatangulia. Lakini kwetu mama hubaki na jina la mtoto wake wa kwanza hata mtoto asipokuwepo, kwa hiyo kila aliyeingia dukani kununua khanga au kitambaa cha sare alimsalimu kwa jina la marehemu. "Shikamoo, Mama Kirit." "Marahaba, mwanangu." Alikuwa na binti, Hansa, niliyesoma naye tangu darasa la kwanza, na angeweza kuwaomba watu wamwite Mama Hansa. Wangekubali. Hakuomba. Nadhani alitaka kusikia jina lile kila siku, kama mtu anayebonyeza kidonda ili ahakikishe bado kinauma.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Manjula. Alizaliwa Mbulu, ambako baba yake alikuwa na duka la mablanketi na chumvi, na alikijua Kiiraqw kabla ya Kiswahili. Wazee wa milimani walipoteremka Babati siku ya mnada walimtafuta yeye, maana alipatana nao bei kwa lugha yao na kuwatania kwa lugha yao. Aliolewa hapa Babati na Jayanti, mnunuzi wa mbaazi, mtu mpole aliyefariki mapema kwa ugonjwa wa moyo. Nyumba yao ilikuwa duka kwa mbele, ua kwa nyuma, na jiko upande wa ua.

Ukutani katika jiko hilo kulikuwa na picha ya mwanamke aliyepanda punda, mkono mmoja ameshika fagio, mwingine chungu cha maji. Nikiwa mtoto nilimuuliza Hansa ni mungu gani huyo anayepanda punda, kwa sababu punda tuliowajua sisi ni wale wa kubeba madumu ya maji. Aliyenijibu ni Otilia, msaidizi wao, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni.

"Na Bwana Yesu alipanda nini kuingia Yerusalemu? Landrova?"

Otilia alikuwa Mkatoliki kutoka huko huko milima ya Mbulu. Aliingia nyumba ile akiwa msichana na akazeekea humo. Rozari yake aliitundika kwenye msumari mmoja na picha ile, na sijapata kusikia mtu yeyote wa nyumba hiyo akimlaumu.

Mwanamke wa kwenye punda anaitwa Shitala, mungu wa kike wa ubaridi. Wahindu wa Gujarati, ambako ndiko walikotoka babu zake Mama Kirit, humwomba awalinde watoto na ndui, surua na kila homa inayochoma mwili. Mara moja kwa mwaka, mara nyingi Agosti, wakati upepo wa Babati unapasua midomo, wanawake hupika kila kitu siku moja kabla. Jioni huzima meko, huyafagia na kuyaacha yapoe. Wanaamini kwamba Shitala hupita nyumba kwa nyumba na kujilaza kwenye majivu yaliyopoa. Kesho yake moto hauwashwi. Watu huoga maji baridi na kula vya jana. Nami nilikuwa nikila kwao siku hiyo, chapati ndogo za uwele zilizokandwa na majani ya uwatu, baridi, na maziwa ya mgando.

Na siku hiyo bibi mzaa baba wa Hansa, ambaye wote tulimwita Ba, alitusimulia hadithi. Mke mmoja mdogo alisinzia akinyonyesha, akasahau kuzima moto. Shitala akaja kujilaza, akaungua. Akasema: kama ulivyouchoma mwili wangu, na uungue mwili wa mwanao. Asubuhi mtoto alikuwa amekufa. Mama akamtia kapuni, akambeba, akaenda kumtafuta mungu. Njiani akamkuta bibi kizee anajikuna kichwa, amejaa chawa, watu wote wanampita. Yeye akaweka kapu chini, akakaa, akamtoa chawa mmoja mmoja mpaka kichwa kikatulia. Bibi akamwambia: kama ulivyokipoza kichwa changu, na upoe moyo wako. Kapuni mtoto akalia.

Sisi watoto tulishangilia kila mara mtoto alipolia. Mama Kirit hakuwa nasi. Kila mwaka hadithi ilipoanza alikumbuka kazi dukani.

Alikuwa na sababu yake. Mwaka Kirit alipokuwa na miaka minne, surua ilienea Babati yote. Ilipofika jioni ya kuzima meko, mtoto alikuwa anakohoa, na mama yake, ambaye hakuwa amefika hata miaka ishirini na mitano, akafukia makaa machache majivuni ili mtoto akiamka na kiu apate maziwa ya uvuguvugu. Mtoto hakuamka. Mama naye akapitiwa na usingizi. Asubuhi Otilia aliingia kufagia, akaweka kiganja juu ya majivu.

"Dada, huku kuna moto."

"Nyamaza," alimwambia. "Nyamaza kabisa, Ba asisikie."

Wiki iliyofuata Kirit alitoka vipele. Alifia njiani akipelekwa hospitali, mapajani mwa mama yake, na neno la mwisho alilosema ni kwamba anasikia joto.

Ba hakuuliza kitu. Huenda hakujua, huenda alijua na akanyamaza kwa huruma. Mama Kirit aliuchukua ukimya huo kuwa hukumu. Aliijua hadithi yote, hata ile nusu ya pili ya kapu na chawa, lakini kapu lake yeye halikulia, na hapo akamaliza hesabu: mwenzake alisamehewa, yeye hakusamehewa.

Hansa alipozaliwa, mama yake alimnyonyesha, kisha akamrudisha mikononi mwa Otilia. Otilia ndiye aliyemwogesha, aliyembeba mgongoni, aliyemsuka. Kwa Wahindu hao, mtoto huinama akagusa miguu ya mkubwa, na mkubwa humwekea mkono kichwani na kumtamkia baraka. Sikukuu ya Diwali nilimwona Hansa akiinama. Mama yake alitamka maneno yote, taratibu, kwa sauti ya upendo kabisa, lakini mikono yake ilikuwa imekamata pindo la sari kama mtu anayekamata kamba. Hansa alikua na maneno bila mkono. Aliniambia siku moja tukiwa kidato cha pili, huku akicheka, "Mama yangu ananipenda kwa redio." Nilicheka naye. Ilikuwa kweli kabisa, sauti ilimfika na mtu hakumfika.

Nilipokuwa chuoni nilisoma kidogo habari za karma, nikarudi likizo nikiwa najiona msomi, nikamuuliza Mama Kirit maana yake dukani kwake. Alikuwa anapima kitambaa. Hakuinua macho.

"Wewe ni mtoto wa Babati, unajua mbaazi," alisema. "Unazipanda siku moja na mahindi. Mahindi yanavunwa, watu wanakula, wanasahau. Mbaazi bado zimesimama shambani peke yake. Miezi inapita. Ndipo zinakomaa. Tendo la mtu ni hivyo. Usione limechelewa ukadhani limekufa."

"Na mateso?"

"Mateso ni mavuno. Hulalamiki juu ya mavuno yako. Unavuna, unanyamaza, ili usiwaachie wengine wavune."

Niliona ni hekima kubwa. Leo, nikiwa na umri unaokaribia ule aliokuwa nao siku ile, naona alikuwa anaeleza kwa nini hajiruhusu kuishi. Hiyo ilikuwa nusu ya mafundisho ya watu wake. Ile nusu nyingine, kwamba leo pia ni siku ya kupanda, aliiweka pembeni kama alivyoiweka nusu ya pili ya hadithi.

Kisha Manyara ikawa mkoa, na Babati, ambayo ilikuwa ya kupitia tu ukienda Dodoma au Arusha, ikawa makao makuu. Zikaja ofisi, wakaja watumishi kutoka mikoa mingine wakitafuta vyumba Bagara na Maisaka. Miongoni mwao alikuwa Ludovick, mpima ardhi, Mkatoliki wa Bukoba, mrefu, mcheshi. Alinunua mapazia dukani kwa Mama Kirit mara nyingi kuliko madirisha aliyokuwa nayo. Hansa ndiye aliyekuwa anayakata.

Walipotaka kuoana mji ulikaa tayari kwa ugomvi. Haukutokea. Mama Kirit alimwambia Ludovick, "Baba, wewe unamchekesha binti yangu. Mimi sikuweza." Basi. Walifunga ndoa, wakapanga Maisaka, na mwaka uliofuata akazaliwa mtoto wa kike. Walimpa jina la mama yake Ludovick, Emerensiana, na wote wakamwita Rensi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama Kirit alituma samli, alituma nguo, alituma uji wa lishe aliousagisha mwenyewe. Kwenda hakwenda. Hansa alipompeleka mtoto dukani, bibi alimwangalia kutoka upande wa pili wa meza kwa macho yaliyojaa maji, akamsemesha, akamchekesha kwa midomo, lakini hakumpokea. Watu waliona. Sokoni maneno yakatembea, kwamba Mhindi ameweza kutoa binti lakini mtoto mweusi hawezi kumshika.

Maneno hayo yalimfikia Ludovick. Nilikuwa dukani siku alipokuja. Hakuwa na uso wake wa utani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Rensi hajambo?"

"Hajambo. Mama, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Basi kama si mimi, ni ngozi ya mtoto?"

Mkasi ulimponyoka. Nilimwona anainama kuuokota. Mwishoni akasema, "Ludovick, mikono yangu ina moto."

"Moto?"

"Ina moto, baba. Mwache mtoto alipo."

Ludovick alidhani anafumbiwa. Alitikisa kichwa, akaaga kwa heshima na kutoka. Mama Kirit angemwambia tu! Lakini angeanzia wapi, kumweleza Mkatoliki wa Bukoba, mtu wa vipimo na ramani, habari ya mungu aliyeungua majivuni? Aliogopa mkwewe atamcheka. Aliona heri achukiwe.

Mwezi Agosti, Ludovick akapata uhamisho kwenda Sumbawanga. Siku mbili kabla ya safari, mimi na Hansa tulikuwa uani kwa mama yake tukifunga vyombo alivyopewa, na Rensi amelala mgongoni kwa Otilia. Mama Kirit alikuwa anatutupia magazeti ya kufungia, kutoka mbali. Otilia alimtazama, akamtazama tena, akashindwa kuvumilia.

"Mama Kirit, mtoto anaondoka."

"Najua."

"Sumbawanga si Magugu hapo jirani. Mshike."

"Otilia, nyamaza."

"Uliniambia ninyamaze nikiwa na miaka kumi na nne. Nimenyamaza mpaka meno yanang'oka." Akamgeukia Hansa, na pale uani Hansa akasikia kwa mara ya kwanza habari ya makaa yaliyofukiwa, na maziwa, na majivu ya moto. Alikaa chini juu ya sanduku. Mama yake alisimama na gazeti mkononi.

"Mwaka ule kila nyumba Bagara ililia," Otilia aliendelea. "Kwa jirani yetu Tadeo walizika wawili. Waluteri, Wakatoliki, wote. Nani kati yao alimchoma mungu wenu?"

"Wao walikuwa na yao. Mimi nina yangu."

"Sawa, una yako. Kwetu huko milimani, zamani za bibi zetu, mama aliyefiwa na mtoto alitengwa. Haingii kwa watu, hagusi vyombo vya watu, unakumbuka, umekulia Mbulu. Lakini ilikuwepo siku ya kutoka! Alitoka, akanyolewa, akarudi kwa watu. Wewe umejitenga, siku ya kutoka hujaiweka."

Mama Kirit alilikunja gazeti mara mbili. Halafu akasema, kwa sauti ndogo kama ya mwanafunzi, "Hata mbaazi zina mwisho, siyo?"

"Na zinapaliliwa," Otilia alisema. "Mwenye shamba haketi pembeni kulia."

Mama Kirit akakubali. Alisema watakapopita kuaga, kabla ya kwenda stendi, atamwekea mtoto mkono.

Hansa alimweleza mumewe yote siku hiyo hiyo. Ludovick hakucheka. Aliniambia baadaye kwamba aliona aibu kwa swali lake la dukani.

Siku ya safari ilikuwa na baridi kali. Mama Kirit alikuwa ameoga, amevaa sari nyeupe safi, amesimama mbele ya picha ya mwanamke wa punda. Nilimwona anasugua viganja kwenye maji ya chungu, tena na tena, anavikausha, anavirudisha majini. Kisha akatoka uani. Sote tulisimama. Nadhani kosa lilikuwa hapo, tulisimama kama watu wanaongojea jambo. Otilia, kwa furaha na haraka yake, alimfungua mtoto mgongoni akiwa usingizini na kumsukumiza mbele.

Rensi alifumbua macho, akaona uso wa karibu ambao siku zote aliuona kwa mbali, na kiganja chenye maji ya baridi kinamshukia. Alipiga yowe. Alijikunja, akawa mwekundu, akamng'ang'ania Otilia shingoni na kulia mpaka pumzi ikamkata.

Mkono ulibaki hewani. Haukuwa umefika.

"Mmeona?" Mama Kirit alisema. "Ameungua."

"Mama!" Ludovick alimfuata. "Mama, watoto wote hulia. Mimi baba yake nikinyoa ndevu tu ananikimbia. Mwache azoee kidogo, basi litangoja."

Lakini alikuwa ameshaingia ndani na kufunga mlango, na kwa ndani tulimsikia anatamka baraka. Alizitamka zote, hakuruka hata moja. Hansa aliinama akagusa kizingiti cha mlango ule, kwa kuwa miguu ya mama yake haikuwepo, kisha tukaenda stendi.

Nimefikiri sana kuhusu asubuhi ile. Mtoto ameamshwa ghafla, anashukiwa na kiganja chenye maji ya baridi kwenye upepo wa Agosti. Kila mama duniani anajua kilio kile. Yeye tu, aliyekuwa amezaa wawili, hakukijua, kwa sababu hakujiruhusu kukizoea. Alichokiita jibu la mungu kilikuwa matokeo ya miaka yake mwenyewe ya kukaa mbali. Kama hiyo ndiyo karma, basi haikuletwa na makaa yale machache.

Baada ya hapo hakutaka tena habari hiyo. Alipiga simu Sumbawanga kila Jumapili, na mtoto alipoanza kusema walizungumza sana, kwa redio, kama angesema Hansa. Hansa alikuja mara moja peke yake. Mwaka mmoja hakukuwa na likizo, mwingine barabara ilikuwa mbovu, mwingine mama mwenyewe alisema wasije. Hivyo ndivyo miaka inavyokwisha, hakuna anayeamua.

Rensi alikuwa anaingia darasa la kwanza Mama Kirit alipopata kiharusi. Upande wa kulia wote ulikufa, na maneno yakawa mazito. Walikuja likizo ya Juni, wote watatu. Nilikuwepo. Otilia alikuwa amemlaza kitandani karibu na dirisha, na kando yake ameweka jiko la mkaa ili chumba kipate joto. Jiko la moto, kando ya mtu yule! Lakini hakuwa na nguvu za kukataa.

Hansa aliinama akagusa miguu ya mama yake. Rensi, ambaye alikuwa anapasha vidole moto kwenye jiko lile, alikuja na kumwiga mama yake, akainama. Akangoja. Akainua uso.

"Mbona bibi hanishiki kichwa? Padre anatushika."

Rensi akauona mkono wa kulia wa bibi umelala juu ya blanketi, akaunyanyua kwa mikono yake miwili kama mtu anayenyanyua kopo la maji lililojaa, na kuuweka kichwani kwake. Mama Kirit alitaka kuuvuta. Tuliona bega linajaribu. Mkono haukumsikia.

"Un... unaungua?" aliuliza.

"Naungua nini?" Rensi alishangaa. "Bibi, mkono wako wa baridi! Baridi kama mtungi. Mama, njoo ushike."

Machozi yalimtoka Mama Kirit, lakini kwa jicho moja tu, lile la upande uliokuwa mzima. Rensi akachoka kubeba mkono, akaurudisha juu ya blanketi kwa uangalifu, akatoka kumtafuta Otilia ampe chapati.

Mama Kirit hakufika vuli. Ninachokikumbuka zaidi si msiba. Nakumbuka kwamba mtoto alipotoka, Hansa alipiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa mtu mzima, amekaribia miaka thelathini na mitatu. Aliuchukua mkono ule na kuuweka juu ya nywele zake. Ukateleza. Akauweka tena, ukateleza tena, maana hakukuwa na kitu cha kuushikilia. Mwishowe akaufunika kwa mikono yake mwenyewe na kuubana pale kichwani, huku mama yake akihangaika kutafuta mwanzo wa maneno ambayo siku zote alikuwa akiyatamka yote bila kukosea.